Kilo Ishirini na Tatu

Waraka umebandikwa ukutani, kando ya kalenda ya duka la matairi,
kwa pini nne, kama ngozi iliyowambwa:
kuanzia mwezi ujao, mashine za kushindilia vidonge,
na kalibu zake, na ngumi zake za chuma,
hazitapita posta bila jina, bila kibali,
bila mtu wa kuulizwa.

Tumeusoma wima, glavu mikononi.
Lyle kasema, "Makaratasi mengine hayo."
Ardis kauliza mashine yenyewe inafananaje.
Sikumjibu.
Sura yake siijui. Naujua uzito.

Ilikuwa Februari, ziwa limeganda hata malori yanakatiza juu yake.
Boksi dogo, ungelipakata,
lakini liligoma kunyanyuka kama punda aliyekwisha kuamua.
Lebo: SEHEMU ZA MASHINE YA PEREMENDE.
Thamani: dola arobaini.
Nikacheka peke yangu ndani ya gari,
peremende gani hizo, za kilo ishirini na tatu!

Nyumba ya mwisho, nyuma ya kiwanda cha mbao.
Colter alitoka na soksi tupu juu ya theluji.
Nilimjua tangu akingoja basi la shule na begi kubwa kuliko mgongo.
Tukalibeba wawili, yeye huku, mimi kule,
tukapanda ngazi kinyumenyume.
"Polepole, mama," akaniambia, "usije ukaumia kiuno."
Hilo ndilo lisilonitoka:
alikihurumia kiuno changu.
Akatia saini kwa kidole kwenye kioo.
Kifaa changu kikalia tii.
Umefika.

Kushindilia.
Gunia hushindiliwa. Gobori hushindiliwa.
Na chini ya nyumba ile, kando ya mashine ya kufulia,
unga ulishindiliwa ukawa kidonge cha buluu,
herufi upande huu, namba upande ule,
kingo laini, rangi ileile ya duka la dawa.
Daktari hakukiandika. Mfamasia hakukihesabu.
Kilikuwa na kila kitu cha dawa
isipokuwa dawa.

Corwin, mtoto wa dada yangu,
goti lilimsumbua tangu aanguke mchezoni, barafuni.
Alimeza kimoja. Watu hupenda kuuliza vingapi.
Kimoja,
na glasi ya maziwa, maana tumbo lake lilikuwa la kubembelezwa tangu utotoni.
Maziwa yalibaki nusu.
Dada hakuiosha glasi ile mpaka Pasaka.

Mjumbe hauawi, walisema waliotangulia.
Hawakuacha neno juu ya mjumbe anayeua,
hajui, yuko kazini, kavaa sare,
na mshahara ukaingia Ijumaa kama kawaida.

Simlaumu aliyeuandika waraka.
Kauandika vizuri, kwa vifungu na vifungu vidogo.
Kifungu cha tatu nimekisoma mara tano,
kina nukta mahali pake, kina "au" na "wala" za kutosha
kumfunga mwerevu yeyote.
Ningependa tu kumwuliza alikwama wapi.
Miaka minne. Ni theluji?
Mimi theluji haijanizuia hata siku moja.
Kila kitu nilichopewa nilikifikisha.
Kila kitu.

Leo asubuhi, kabla taa za barabarani hazijazimwa,
boksi limeshuka kwenye mkanda, dogo, limefungwa kwa gundi nyingi.
Lyle kaliruka. Mimi nikalichukua,
nikalipima mikononi kabla ya mizani,
nikaligeuza, nikalisogeza sikioni
kama mtu anayechagua nazi.
"Verna," Ardis akasema, taratibu,
"zimeandikwa hapo, buti za mtoto. Unasikiliza nini?"

Nilikuwa bado sijaliweka chini.